Nundu, Jasho na Nasaba: Historia ya Kumjua Ng'ombe Wetu wa Asili

Kata nundu ya fahali wa Kigogo kwa upana, kama wafanyavyo wachinjaji, kisha tazama kilicho ndani. Chini ya ngozi kuna mafuta meupe, na katikati ya mafuta hayo zimetambaa nyuzi nyekundu za msuli. Msuli huo huitwa romboidi. Kila ng'ombe duniani anao, hata wale wa Ulaya ambao hawana nundu. Kwao umelala bapa kati ya bega na uti wa mgongo, na mchinjaji anaweza kuupita bila kuuona. Kwa zebu, yaani ng'ombe wenye nundu ya mabegani kama huyu wa Kigogo, umekua, ukapanda juu ya mabega na kujichanganya na mafuta. Kwa ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, nundu ni ndogo, imesogea mbele kuelekea shingoni, na karibu yote ni msuli mtupu.

Tofauti hiyo, ambayo mlaji wa nyama choma huitambua mdomoni, iliwashughulisha wanasayansi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Kupitia kwake walijaribu kujibu swali la asili ya ng'ombe wa Afrika, na baadaye swali zito zaidi: kwa nini ng'ombe hawa huishi mahali ambapo wengine hufa? Jibu lilichelewa. Wakati linakusanywa, serikali na wataalamu walikwisha kuamua kwa macho tu kwamba ng'ombe huyu ni duni, na uamuzi huo bado uko kazini katika mazizi yetu.

Safari mbili za kale

Ng'ombe wote wa kufugwa wametokana na ng'ombe mwitu mkubwa aliyekwisha kutoweka, lakini hawakufugwa mara moja wala mahali pamoja. Wasio na nundu, ambao wataalamu huwaita tauri, walifugwa Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, katika mabonde ya juu ya mito Frati na Hidekeli. Zebu walifugwa upande wa bonde la Indus, katika nchi ambayo leo ni Pakistani, yapata miaka 8,000 iliyopita.

Waliotangulia Afrika ni wale wasio na nundu. Walishuka taratibu kupitia Sahara, ambayo wakati huo ilikuwa na nyasi na maziwa. Nchi ile ilipokauka, wafugaji walisukumwa kusini, na kufikia miaka 5,000 hivi iliyopita mifugo ilikuwa imefika pande za Ziwa Turkana. Zebu walikuja baadaye, kupitia pembe ya Afrika na bandari za Bahari ya Hindi. Waliingia kwa wingi zaidi baada ya karne ya 7, biashara ya baharini na Waarabu iliponenepa.

Hapakuwa na daftari la mambo hayo. Lakini mfugaji hakuwa mtazamaji tu. Alichagua fahali wa kubaki na wa kuhasiwa, akakumbuka mama wa kila mtamba, akawatoa kwa mahari, kwa mkopo wa kufugiana na kwa fidia. Ng'ombe aliyeshindwa na ukame au kupe hakuacha uzao. Kazi ya kuchagua iliyofanywa hivyo kwa vizazi mia kadhaa ndiyo ambayo maabara zilikuja kuisoma, na naona si haki kuisimulia kana kwamba yote yalitendwa na jua na kupe peke yao.

Sotoka na ndigana

Mwaka 1887 sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kwenye bandari ya Massawa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imepita Umasaini na kusambaa Tanganyika, na mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Mahali pengi iliua ng'ombe tisa kati ya kumi. Wamasai waliuita wakati huo Emutai, yaani kuteketea. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai waliokondeana kwa njaa wakiomba chakula katika kambi za msafara wake.

Kwa historia ya nasaba, sotoka ilikuwa mlango mwembamba. Makundi yaliyojengwa upya yalitoka kwa mabaki machache na kwa ng'ombe walionunuliwa au kutekwa mbali. Watafiti wa baadaye wameeleza kwamba huenda zebu, ambao sotoka iliwaonea kidogo kuliko ng'ombe wenye damu nyingi ya tauri, walipata nafasi ya kuenea hapo kwa kasi ambayo hawakuwa nayo kabla.

Ugonjwa wa pili ulikuwa hapa siku zote. Robert Koch, akifanya kazi Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898, aliona vimelea vidogo sana ndani ya damu ya ng'ombe wa pwani, akadhani ni namna ya ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani. Mwaka 1902 ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu waliupeleka kusini mwa Afrika, ambako uliua kwa maelfu na kupewa jina la homa ya Pwani ya Mashariki. Sisi huuita ndigana kali. Arnold Theiler alionyesha kwamba ni ugonjwa wa peke yake, na kimelea chake kikapewa jina linalotokana na lake. Anayekibeba ni kupe wa kahawia anayependa kung'ang'ania masikioni.

Mfugaji huutambua ugonjwa huu kwa kupapasa: matezi yaliyo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na katika jamii nyingi huchomwa kwa chuma cha moto. Daktari huchoma sindano kwenye tezi hilohilo, hupaka majimaji yake kwenye kioo na kuyatia rangi. Chini ya hadubini huonekana chembe nyeupe za damu zenye madoa ya buluu ndani yake. Madoa hayo ni kimelea. Kimeingia ndani ya chembe ambayo kazi yake ni ulinzi wa mwili, nayo chembe hiyo, badala ya kufa, huanza kugawanyika bila kikomo, kila mara ikizaa kimelea kipya pamoja na chembe mpya. Tezi huvimba kwa sababu limejaa jeshi lililotekwa.

Ndama wa ng'ombe wa asili waliozaliwa penye kupe huugua, na baadhi hufa, lakini wengi hupona na kubaki na kinga. Ng'ombe mgeni aliyekomaa, aliyeletwa kutoka Ulaya, mara nyingi hana siku ishirini za kuishi baada ya dalili kuanza. Walowezi wa Kenya walilijua hilo mapema. Lord Delamere, aliyeanzisha shamba kubwa Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, alipoteza kondoo na ng'ombe wa kigeni kwa wingi hadi karibu afilisike. Maabara ya mifugo ya Kabete ilianzishwa mwaka 1908 ikiwa na kazi ya kutosha kuwasubiri madaktari wake.

Wakati wa kuitwa takataka

Ungedhani baada ya hasara hizo heshima ya ng'ombe wa asili ingepanda. Haikupanda. Katika taarifa za kikoloni za miaka ya 1920 na 1930 anaelezwa kuwa mdogo, mwenye maziwa haba, aliyezidi idadi na anayemomonyoa ardhi. Kipimo kilikuwa uzito na lita, na aliyepimwa naye alikuwa ng'ombe wa Scotland au Uholanzi anayelishwa kwenye majani ya mvua ya mwaka mzima.

Mwaka 1938 hukumu hiyo iligeuka amri huko Machakos. Serikali ya Kenya iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo. Maelfu ya ng'ombe walitwaliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimefunguliwa Athi River, tayari kuwapokea. Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliandamana kwa miguu hadi Nairobi wakaketi huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo serikali ililegeza. Utwaaji wa lazima ulisimamishwa kabla mwaka haujaisha.

Watu huisoma habari hii kama sehemu ya siasa za uhuru, na ni kweli. Lakini ni sehemu ya historia ya nasaba pia. Wakamba walikuwa wanatetea mali yao, na kwa kufanya hivyo waliokoa kundi ambalo hakuna maabara iliyokuwa imelichunguza bado.

Miaka hiyohiyo, mkemia M. H. French alikuwa katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, Tanganyika, akifanya kazi ya subira: kupima kile ng'ombe anachokula na kile anachokitoa. Alilinganisha uwezo wa kumeng'enya chakula wa zebu na wa chotara wenye damu nyingi ya Ulaya, akachapisha matokeo mwaka 1940. Kwenye malisho duni, yale makavu ya kiangazi, zebu hakuwa nyuma. Taarifa za namna hii zilisomwa na wachache, na hazikubadilisha sera.

Kisu na hadubini, 1934–1960

Upande wa anatomia, kazi kubwa ilianzia Afrika Kusini. Huko Onderstepoort, H. H. Curson, pamoja na Hellmut Epstein na R. W. Thornton, walichapisha katikati ya miaka ya 1930 maandiko juu ya ng'ombe wa Kiafrika wakitumia fuvu, pembe na nundu kama vitambulisho. Mwaka 1937 J. H. R. Bisschop aliongeza mgawanyo wake. Hapo ndipo ilipokomaa picha tuliyonayo hadi leo: ng'ombe wasio na nundu upande wa magharibi, zebu wenye nundu ya mabegani upande wa mashariki, na kati yao sanga, kundi ambalo Ankole ni mmoja wao, wenye nundu ndogo ya shingoni. Nundu ya sanga ilionekana kuwa ya kati kwa umbo na kwa tishu, kwa hiyo wakahitimisha kwamba sanga ni mtoto wa pande zote mbili.

Mwaka 1955 A. H. Milne alichapisha uchunguzi wake wa nundu za ng'ombe wa Afrika Mashariki. Kazi kama hiyo si ya ofisini. Inabidi kumfuata ng'ombe hadi machinjioni, kupasua nundu kwa mkasi na kisu, kufuatilia msuli unaanzia pingili gani na kuishia wapi, na kuandika mafuta yamekaa juu ya msuli au yamepenya katikati ya nyuzi zake. Mtu aliyemtazama ng'ombe akiwa hai, amekonda kwa kiangazi, angeweza kukosea aina yake. Tishu zilikuwa ngumu zaidi kudanganya.

Lakini kwangu mimi ugunduzi mkubwa wa enzi hiyo ulikuwa kwenye ngozi. Kila unywele wa ng'ombe una tezi yake moja ya jasho, iliyofungamana na tezi ya mafuta na kamsuli kadogo ka kusimamisha unywele. Wanasayansi walikata vipande vidogo vya ngozi, wakavigandisha kwa nta, wakavichonga vikawa vyembamba kuliko karatasi na kuvitazama. Mwaka 1956 Nay na Hayman, wakiwa Australia, walionyesha kwamba tezi ya zebu ni kama mfuko: nene, kubwa, na iko karibu na uso wa ngozi. Ya ng'ombe wa Ulaya ni mrija mwembamba uliojipinda na kuzama chini zaidi. Mwaka 1960 C. A. Walker alitoa matokeo ya aina hiyo kuhusu ng'ombe wa asili wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na baadaye Robertshaw na Taylor, kwenye kituo cha Muguga karibu na Nairobi, walipima jinsi tezi hizo zinavyofanya kazi kwa ng'ombe na kwa wanyamapori wa jamii yake.

Maana yake katika zizi ni hii. Saa nane mchana, jua likiwa kali, ng'ombe wa Ulaya huacha kula, hukimbilia kivuli, hutweta ulimi nje. Joto la mwili likipanda hamu ya chakula huisha, na chakula kikiisha maziwa hukatika. Zebu hutoa jasho, hupoza mwili, huendelea kulisha. Wingi wa lita ambao Friesian ameahidiwa kwenye karatasi unategemea hewa ya ubaridi, maji mengi na majani mabichi. Zebu hana ahadi kubwa, lakini ile ndogo anaitimiza hata Septemba.

Mpwapwa na Laikipia

Wapo waliosoma alama hizo mapema. Mwaka 1951 wafugaji wa Kenya walianzisha chama cha Boran. Ng'ombe huyu alitoka kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, akachaguliwa zaidi kwa ajili ya nyama kwenye mashamba makubwa ya Laikipia. Majina ya walowezi yamejaa vitabuni. Waborana walioleta malighafi yote hawakuandikiwa kitabu cha nasaba.

Huko Mpwapwa walichukua njia ya kuchanganya. Walianza na ng'ombe mfupi wa Tanganyika, wakaingiza Boran na Ankole, kisha Red Sindhi na Sahiwal waliotoka Bara Hindi, na damu kidogo ya Ulaya. Kufikia mwaka 1958 aina mpya ilitangazwa na kupewa jina la mji huo. Zaidi ya nusu ya damu yake ni ya zebu wa Bara Hindi, yaani wale wa maziwa. Alikusudiwa kwa mkulima wa Dodoma na Singida, mwenye mvua ya miezi minne na josho lililo mbali. Alifaa, lakini hakuwahi kuzalishwa kwa wingi wa kutosha. Wakati wote kundi lake limebaki dogo, likitegemea vituo vichache vya serikali. Naamini hapa tulipoteza miaka mingi. Mpwapwa alikuwa jibu lililotengenezwa nyumbani, na hatukulisimamia hadi mwisho.

Muguga nako kulikuwa na ushindi wa aina nyingine. Walter Plowright alitengeneza huko chanjo ya sotoka iliyosaidia hatimaye kuitokomeza. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba haipo tena.

Pacha wa damu moja, 1973–2003

Mwaka 1973 ilianzishwa Kabete maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, ILRAD, na mwaka uliofuata kituo mwenza, ILCA, kikafunguliwa Addis Ababa. Vyote viwili viliunganishwa katikati ya miaka ya 1990 kuwa ILRI. Adui ambaye ILRAD ilipewa kwanza alikuwa ndigana kali. Wa pili, nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Afrika Magharibi yupo ng'ombe mdogo, hana nundu, aitwaye N'Dama. Huumwa na mbung'o, huambukizwa, lakini hakondi hadi kufa kama wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viinitete vya N'Dama viligandishwa Gambia, vikasafirishwa hadi Kenya na kupandikizwa kwenye matumbo ya mitamba wa Boran. Ndama wa Gambia wakazaliwa Kenya na mama wasio wao. Walipokua wakapandishwa na Boran, kisha watoto wakapandishwa wao kwa wao, hadi wakapatikana wajukuu 177 ambao kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake wa urithi. Wote waliambukizwa, wakapimwa damu na uzito. Olivier Hanotte na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2003. Uwezo wa kustahimili nagana haukuwa na jeni moja. Ulitawanyika kwenye kromosomu nyingi. Jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba kwenye baadhi ya maeneo hayo nguvu ilitoka kwa Boran, yule aliyedhaniwa kuwa dhaifu.

Jaribio lingine la mwaka huohuo, la Jan Naessens na wenzake, linastahili kusimuliwa polepole. Pacha wa ng'ombe tumboni huchangia mishipa ya damu kupitia kondo, kwa hiyo chembe zinazotengeneza damu huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na kukaa humo maisha yote. Watafiti waliweka kiinitete cha N'Dama na cha Boran katika tumbo moja. Wakazaliwa pacha wa aina mbili tofauti wenye damu iliyochanganyika. Kisha wakaambukizwa nagana. Pacha wa N'Dama, ambao sehemu kubwa ya chembe zao za damu ilikuwa ya asili ya Boran, waliishiwa damu kama Boran. Lakini idadi ya vimelea mwilini waliendelea kuidhibiti kama N'Dama. Kumbe ustahimilivu ni kazi mbili katika tishu mbili: kuzuia upungufu wa damu kunategemea chembe zizaliwazo kwenye uboho, na kuzuia vimelea kunatoka mahali pengine mwilini. Mwaka 2011 timu nyingine, ikiongozwa na Harry Noyes, ilizitaja jeni mbili kuwa washukiwa wakuu katika maeneo yaliyopatikana mwaka 2003.

Baba wa mbali, mama wa hapa

Huku nyuma swali la asili lilikuwa likijibiwa kwa njia isiyohitaji kisu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Kieffer na Cartwright walikuwa wameona kwamba kromosomu Y ya zebu ina umbo tofauti na ya ng'ombe wa Ulaya: kiungo chake kimekaa nchani, wakati cha mwenzake kimesogea kuelekea katikati. Kwa kuwa Y hurithiwa kutoka kwa baba pekee, ilitosha kumwangalia fahali ili kumjua babu wa mababu zake.

Mwaka 1994 Ronan Loftus, Daniel Bradley na wenzao wa chuo cha Trinity, Dublin, walisoma vinasaba vya mitokondria, ambavyo hurithiwa kutoka kwa mama. Walilinganisha ng'ombe wa Ulaya, Afrika na India. Waligundua kwamba zebu wa India na tauri walitengana angalau miaka laki mbili iliyopita, muda mrefu mno kabla ya mtu yeyote kufuga ng'ombe. Huo ulikuwa ushahidi kwamba walifugwa mara mbili. Na zebu wa Afrika, pamoja na nundu zao, walikuwa na mitokondria ya tauri.

Ukiweka matokeo hayo mawili pamoja unapata familia nzima. Fahali wa zebu wetu wengi wana Y kutoka upande wa India. Mama zao ni uzao wa wale ng'ombe wasio na nundu waliotembea kutoka Sahara. Mafahali wa baharini walikuwa wachache na kila mmoja alipanda majike wengi. Majike hawakuhama, walibaki mazizini na kuzaa. Nundu tuliyoipasua mwanzo imetoka kwa baba. Mwaka 2002 Hanotte na wenzake walipima aina 50 za ng'ombe wa bara zima wakachora ramani ya damu hiyo: mkondo wa kwanza wa tauri wa Afrika, mkondo wa zebu kutoka mashariki, na mguso wa Mashariki ya Kati na Ulaya. Curson na Epstein walikuwa wamekisia vizuri kuhusu sanga. Ankole ana msingi wa tauri wa Afrika uliopokea damu ya zebu, kama tishu za nundu yake zilivyodokeza.

Kitabu kilichokosa kurasa

Mwaka 2009 jenomu ya ng'ombe ilichapishwa, ikiwa na jeni zipatazo 22,000. Aliyesomwa alikuwa jike wa Hereford wa Marekani aitwaye Dominette. Tangu hapo kila ng'ombe aliyechunguzwa duniani alilinganishwa na yeye. Tatizo ni kwamba kile ambacho Hereford hana hakikuwa na mahali pa kuonekana. Mwaka 2022 watafiti wa Edinburgh na ILRI walichapisha jenomu pana zaidi iliyojumuisha N'Dama na Ankole, wakakuta herufi zaidi ya milioni 116 ambazo hazikuwamo katika ile ya Dominette. Ni asilimia 4 na ushei. Kwa miaka 13 sehemu hiyo ilikuwa haionekani kwa yeyote aliyetumia kipimo kimoja.

Kabla ya hapo, mwaka 2020, jenomu za ng'ombe 172 wa aina 16 za Afrika zilionyesha kwamba mchanganyiko mkubwa wa tauri na zebu barani ulitokea yapata miaka 1,000 iliyopita, na kwamba hawakuchanganyika ovyo. Sehemu za tauri zinazohusiana na magonjwa ya hapa zilibaki. Za zebu zinazohusiana na joto na ukame ziliingia. Hiyo ndiyo kazi ya wafugaji niliyoitaja, sasa imeandikwa kwa herufi nne za vinasaba.

Na gharama ya kuivuruga imepimwa. Magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2007, watafiti walifuatilia ndama 548 wa zebu mfupi kwa mwaka wao wa kwanza, wakiwatembelea mazizini na kuandika kila ugonjwa. Ndama waliobeba damu ya Ulaya, hata ile ambayo mwenye zizi hakujua kuwa ipo, waliugua mara nyingi zaidi. Hapo ndipo pa kusitisha pumzi, kwa sababu uhimilishaji katika nchi zetu kwa miongo mingi umebeba zaidi mbegu za Friesian, Ayrshire na Jersey. Mahali penye baridi, soko la maziwa na daktari wa karibu, mbegu hizo zimewatajirisha watu na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kuzipeleka kila mahali. Ankole wa Uganda wamepungua kwa njia hiyohiyo, kizazi kwa kizazi, mbele ya macho ya wote. Wakati huohuo Waaustralia, mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuwa wakisafirisha viinitete vya Boran vilivyogandishwa hadi kwao kwa gharama kubwa, wakitafuta kile tunachokichanganya hadi kipotee.

Mwaka 2022 pia ndipo ilipochapishwa habari ya ndigana kali ambayo Koch asingeweza kuiota. Uzao wa fahali mmoja wa Boran wa Kenya ulikuwa ukipona kwenye majaribio ambayo wengine walikufa. Wanasayansi walifuata mstari wa damu hadi kwenye badiliko katika jeni iitwayo FAF1B, na kwenye maabara chembe za wanyama hao zilionekana kushindwa kugawanyika ovyo zilipotekwa na kimelea. Kwa mara ya kwanza kuna alama ambayo mzalishaji anaweza kuipima kwa tone la damu kabla hajachagua fahali.

Ugunduzi huo ulianza kwa sababu mtu fulani aliandika ndama yupi ni wa fahali yupi, na nani alikufa. Kwa hiyo ombi langu kwa vituo vya uhimilishaji ni kwamba mbegu za Boran, Mpwapwa na Ankole ziwe kwenye mitungi ileile ya naitrojeni inayobeba Friesian, na mabwana mifugo wawe na amri ya kuzitaja kwa mkulima. Na wewe mfugaji, kabla hujahasi dume lako la mwisho la asili, andika daftarini mama yake ni nani, alizaliwa mwaka gani, na ni ugonjwa upi uliopita zizini akabaki mzima. Kisha mpigie bwana mifugo wa kata yako, umsomee ulichoandika.